Kingo Mbili za Songwe: Siasa ya Kumrudisha Kibarua Kwao

Mto Songwe ni mpaka kati ya Wanyakyusa wa Kyela, Tanzania, na Wangonde wa Karonga, Malawi, watu wanaosikilizana lugha na kuoana tangu kabla ya mpaka huo kuwapo. Vijana wa kingo zote mbili walichukuliwa na Wenela, shirika lililowaandikia wenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini watu wa kazi. Wote walikuja kuupoteza mlango huo wa kazi, ila kwa njia tofauti, na tofauti hiyo inafundisha mengi kuhusu siasa ya kufukuza wafanyakazi wahamiaji. Nadai hapa kwamba amri ya kufukuza huja mwisho. Kufukuzika kwenyewe huandaliwa siku mtu anapoandikishwa.

Tuanze nyumbani. Vijana wa Iringa na Njombe waliopelekwa kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro chini ya SILABU, ofisi ya uandikishaji iliyoanzishwa mwaka 1944, waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Mkataba uligharimia safari ya kwenda na ya kurudi. Ya kwenda tumeiandika sana: malori, kambi, posho ya unga. Ya kurudi tumeiona kama hisani, kumbe ndiyo kiini cha biashara yenyewe. Mwajiri alinunua miaka ya nguvu tu. Utoto, maradhi na uzee wa kibarua vilibaki mzigo wa mama na wake waliokuwa wakilima Njombe. Mtu aliyeajiriwa kwa sharti hilo hahitaji kufukuzwa kwa mabavu. Inatosha kutomwandikisha tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya TANU ilikatisha uandikishaji wa Wenela kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Uamuzi ulikuwa wa haki, nami sina kigugumizi juu ya hilo. Lakini mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyechunguza uhamaji wa Wanyakyusa katika miaka ya 1950, alikuwa ameonyesha jinsi mshahara wa mbali ulivyokwisha kuingia katika maisha ya vijana wa Rungwe, wilaya ya Wanyakyusa. Gharama ya msimamo wa taifa ililipwa na kaya ambazo hazikuulizwa.

Ng'ambo ya Songwe, Rais Banda wa Malawi aliendelea kupeleka watu. Kufikia mwaka 1973 Wamalawi zaidi ya 100,000 walikuwa migodini. Aprili 1974 ndege ya Wenela ilianguka Francistown na kuua makumi ya wachimbaji. Banda akasimamisha uandikishaji, kisha akaurejesha kwa idadi ndogo zaidi. Wakati huo bei ya dhahabu ilikuwa imepanda, mishahara ikaongezwa, na wenye migodi wakaanza kutafuta watu ndani ya Afrika Kusini yenyewe. Pigo lenyewe lilikuja kwa jina la afya. Wachimbaji wa Kimalawi walitakiwa kupimwa virusi vya UKIMWI, serikali yao ikakataa, na kati ya mwaka 1988 na 1992 takriban 13,000 wakarudishwa kwao. Mwanahistoria Wiseman Chirwa amehoji kama ugonjwa ndio uliokuwa sababu halisi, maana migodi ilikuwa tayari ikipunguza wageni. Nakubaliana naye: kipimo cha damu kiliupa uamuzi wa kiuchumi vazi la usafi.

Sababu hubadilika, basi, lakini mlengwa habadiliki. Nigeria iliwafukuza Waghana Januari 1983, bei ya mafuta ikiwa imeshuka na uchaguzi ukikaribia. Nasi tumo. Julai 2013, akiwa Kagera, Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Operesheni Kimbunga ikafuata Septemba katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Miezi michache kabla, Dar es Salaam na Kigali zilikuwa zimegombana kuhusu ushauri wa Kikwete kwamba Rwanda izungumze na waasi wake wa FDLR. Miongoni mwa waliovushwa mpaka walikuwamo wachungaji na vibarua waliokaa nchini miongo kadhaa, wenye wake na watoto Watanzania. Hayo yalitendeka ingawa Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayohusu wafanyakazi kuvuka mipaka, ilikuwa ikitumika tangu Julai 2010.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ibara ya 12(5), unakataza kufukuza wageni kwa halaiki. Tanzania iliuridhia mwaka 1984.