Herufi M Iliyodondoka

Mama mmoja, jirani yangu hapa Ilomba, alinijia jioni na karatasi aliyoichana kwenye daftari la madeni la genge lake. Kesho yake alikuwa anampeleka kijana wake kliniki ya methadone, wanakotibiwa watumiaji wa heroini, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Akataka nimwandikie maelezo mafupi, maana alijijua: akifika mbele ya daktari maneno yangemkauka mdomoni. Nikaandika jina, umri, mtaa. Nilipofika mahali pa kueleza tatizo, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Mwalimu, naomba usiandike teja."

Sikuwa nimeliandika. Yeye alishaliona, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unamwita hivyo mwanawe.

Usiku ule nililala na neno hilo. Teja limetokana na mteja, likanyofolewa m- yake. Kiswahili kina desturi hiyo: mwizi tukimchukia anakuwa jizi, mzee tukimbeza anakuwa zee, na wingi wao ni majizi na mazee, kama tusemavyo mawe na magunia. M- ndiyo alama ya ngeli ya watu. Kumwondolea mtu m- ni kumsogeza upande wa vitu.

Na mteja lilikuwa neno la heshima. Mwenye duka ana wateja, wakili ana wateja. Katika ngoma za pepo za pwani, mteja ni mgonjwa aliye mikononi mwa mganga. Neno lilibeba tiba kabla halijabebeshwa kete za unga. Leo wahudumu wa kliniki za methadone, tangu ile ya Muhimbili iliyofunguliwa mwaka 2011, huwaita wanaokuja dirishani wateja. Kijana anayeingia huko anarudishiwa herufi yake siku ya kwanza, hata kabla hajapewa dawa.

Neno la pili atakalolisikia ni uraibu. Zamani uraibu ulikuwa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, vitu alivyotengewa mgeni barazani atafune huku mazungumzo yakiendelea. Kutoka kwenye vitu hivyo neno likahamia kwenye hali ya mtu asiyeweza kukaa bila kitu chake. Nalipenda kwa sababu halitukani. Linakumbusha kwamba mambo haya huanza kwa ukarimu: rafiki anakukaribisha kijiweni, au mjomba anakusogezea kata ya komoni kilabuni.

La tatu ni arosto, na hili hakuna anayefundishwa na kamusi. Mtumiaji wa heroini akikosa unga, saa nane mpaka kumi na mbili hivi baadaye anaanza kupiga miayo, machozi na kamasi vinamtoka, vinyweleo vinasimama. Kisha mifupa inauma, tumbo linaendesha, usingizi unakimbia. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote, na kwa kawaida ndani ya wiki moja mwili unatulia. Familia ikilijua neno hili, haitadhani kijana anaigiza ili apewe hela.

Wa pombe nao wana arosto yao, ingawa mtaani huiita kutetemeka tu. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, penye ulanzi, komoni, kimpumu na gongo, tumezoea kumcheka chapombe anayeshika kikombe kwa mikono miwili asubuhi. Tusimcheke. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, kuona visivyokuwepo, hata kufa, hasa katika siku tatu za mwanzo. Kumfungia chumbani alevuke mwenyewe ni hatari. Apelekwe hospitali, apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1, asimamiwe.

La nne ni dawa, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama. Lugha yetu imetumia jina moja kwa kinachoua na kinachoponya: dawa za kulevya, dawa ya methadone. "Kwa hiyo mnambadilishia unga kwa unga?" yule mama aliniuliza. Jibu limo kwenye kitenzi. Kulevya ni kumfanya mtu alewe. Heroini hupanda haraka na kushuka ndani ya saa chache, ndiyo maana anayeitumia hukimbizana nayo kutwa. Methadone hunywewa, hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, na dozi ikishapatikana sawasawa humwondolea mtu arosto bila kumlevya. Dozi huanza ndogo na kupandishwa polepole. Hunywewa kila siku, Jumapili na sikukuu pia, kwa kawaida mbele ya mfamasia, na aliyemeza huambiwa aseme neno ili ijulikane kweli imeteremka. Hailipiwi. Kabla ya kuanza kuna maswali mengi, mkojo unapimwa, na vipimo vya VVU, kifua kikuu na homa ya ini huwa sehemu ya huduma. Safari hii ni ya miezi mingi, mara nyingi miaka. Na kuna katazo moja la uhai na kifo: methadone isichanganywe na pombe wala vidonge vya usingizi, maana pumzi inaweza kukatika.

La tano ni nafuu. Nyumba za kuachia dawa za kulevya, ambazo vijana wanaziita soba, serikali inaziita nyumba za upataji nafuu. Aliyetunga istilahi hii alikuwa mkweli. Mgonjwa akiulizwa kaamkaje hujibu, "Nina nafuu," wala hasemi amepona. Soba haimpi mtu chupa ya dawa. Inampa ratiba: kuamka mapema, kufagia, kupika, kukaa kwenye vikao, kusema ukweli mbele ya wenzake waliopita njia ileile. Kabla ya kumwacha ndugu yako pale, uliza kama nyumba imesajiliwa, nani anamwangalia wakati wa arosto, na kama kuna fimbo au minyororo. Penye mnyororo hapana nafuu.

Na lipo neno ambalo familia hulisema kwa uchungu: karudia. Lisikilize vizuri. Tunasema pia homa imemrudia, na hapo mwenye kurudi ni ugonjwa. Uraibu nao ni ugonjwa unaorudi, na ukirudi mtu hurudishwa kwenye tiba. Ila ajue jambo moja: mwili uliopumzika hauwezi tena kiasi cha zamani. Wengi hufa siku ile wanapojaribu kipimo chao cha kale.

Basi kwenye ile karatasi niliandika: "Mwanangu ni mgonjwa wa uraibu wa heroini. Ameomba mwenyewe kuletwa." Mama alisoma mara mbili, akasimama kwenye neno mwenyewe, akaikunja na kuifunga kwenye ncha ya kanga. Asubuhi niliwaona wakipanda bajaji, kijana amevaa sweta la baba yake, kwa baridi ya Juni.

Wewe unayesoma, na una ndugu wa namna hiyo nyumbani, huenda huna uwezo wa kumtibu. Kumwita unaweza. Mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake, na ukilazimika kumtaja mbele ya daktari, sema mgonjwa, sema mraibu, sema mteja. Yote yanaanza na M, na M hiyo ni yake.