Daktari Benjamin Warf na Watoto wa Mbale



Mwaka 2000, wakati darasa letu lilipokuwa likimaliza kidato cha sita, Daktari Benjamin Warf, bingwa wa Kimarekani wa upasuaji wa ubongo wa watoto, aliacha cheo chake katika Chuo Kikuu cha Kentucky, akamchukua mkewe na watoto wao sita, akahamia Mbale, mashariki ya Uganda. Huko alishiriki kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE, shirika la hisani la Kikristo, ambayo ilifunguliwa mwaka 2001. Mimi ni mtumishi wa serikali, si tabibu. Hata hivyo, naona historia yake yastahili kuandikwa humu, kwa kuwa yaonyesha jinsi kuhudumia maskini na kufanya utafiti kunavyoweza kuwa kazi moja.

Wengi walioletwa kwake walikuwa watoto wachanga wenye ugonjwa wa kichwa kikubwa. Ndani ya ubongo mna vyumba vyenye maji, ambayo kwa kawaida hutiririka na kuingia katika damu. Njia yake ikiziba, maji hujaa, hubana ubongo na kutanua fuvu. Tiba iliyozoeleka ni kupitisha mrija chini ya ngozi ili maji yatoke ubongoni yaende tumboni. Mrija huo huokoa maisha, lakini karibu nusu ya mirija wanayowekewa watoto huharibika katika miaka miwili. Mzazi wa mjini Boston atafika hospitali siku hiyo hiyo. Je, mama wa kijijini, ambaye nauli ya basi hana na mvua imekata barabara? Kwake mrija ulioziba ni msiba.

Hapo ndipo utafiti ulipoanzia. Daktari Warf alichukua upasuaji wa kutoboa tundu ndani ya ubongo kwa msaada wa kamera nyembamba, ili maji yapate njia nyingine. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja njia hiyo peke yake haikuwa ikifaulu vizuri. Akaongeza hatua ya pili: kuunguza tishu zinazotoa maji hayo. Mwaka 2005 alitangaza matokeo ya watoto 550. Kwa wachanga wa chini ya mwaka, kufaulu kulipanda kutoka asilimia 47 hadi 66, bila mrija.

Kwa wale waliohitaji mrija, alilinganisha ule wa bei kubwa na ule wa India uliouzwa kwa dola 35 hivi. Matokeo baada ya mwaka mmoja hayakutofautiana. Aidha, alichunguza chanzo cha ugonjwa, akaona kwamba asilimia 60 ya watoto waliochunguzwa waliupata baada ya maambukizo. Yaani mengi ya maafa haya yangeweza kuzuilika.

Sisi wa maofisini tunajua jinsi faili linavyosahaulika mara mwenye shida akishatoka mlangoni. Mbale haikuwa hivyo. Watoto walifuatiliwa baada ya kurudi makwao, wakahesabiwa, waliopona na wasiopona. Bila hesabu hiyo, kazi yote ingebaki kuwa sifa za mtu mmoja. Mwaka 2017 jaribio la watoto 100, lililofanywa hapo hapo Mbale, lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja maendeleo ya akili ya waliotibiwa kwa njia yake hayakupishana sana na ya waliowekewa mrija.

Mwaka 2012 Daktari Warf alipewa heshima ya MacArthur nchini Marekani, pamoja na dola 500,000. Lakini tukimpongeza yeye, yatupasa tumkumbuke pia Daktari John Mugamba, Mganda aliyefundishwa naye, ambaye aliendeleza upasuaji pale Mbale baada ya mwalimu wake kuondoka mwaka 2006. Huduma inayokufa mwenyewe akiondoka haikuwa imekamilika.

Vijana, msidhani kwamba utafiti hukaa katika nchi tajiri tu. Mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya mtoto wa mkulima wa Uganda baadaye ilitumika hata Boston. Someni sayansi kwa bidii. Na mtakapopata kazi, muwe ofisini au wodini, anzeni kwa kumwuliza mwenye shida ametoka wapi, na atarudije kwao.