Nani Alilipa Nauli? Historia ya Shabiki wa Ugenini kutoka Likasi

Kutoka Shituru, mtaa wa Likasi, hadi Lubumbashi ni kilomita zipatazo 120 za lami. Shabiki anayekwenda kuangalia mpira Jumapili huondoka Likasi asubuhi, amebanwa kwenye kiti cha basi dogo nyuma ya lori lililobeba shaba, na mbele yake huenda kuna tangi la asidi linalojikokota mlimani. Kando ya barabara magunia ya makaa yamepangwa yakisubiri wanunuzi. Kwenye péage, kituo cha kulipia ushuru wa barabara, foleni husimama, wachuuzi huzunguka madirishani, na ubishi kuhusu kikosi cha leo huanza upya. Akifika Lubumbashi yeye ni mgeni: geti analoingilia huchaguliwa na wenyeji, jukwaa analokaa hutengwa na wenyeji, na kurudi kwake usiku hakumhusu mtu yeyote.

Safari hiyo inaonekana ya kawaida, lakini kwa Kongo ni bahati. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi hata ukipima kwa ndege, na hakuna barabara ya kumpeleka shabiki Jumamosi na kumrudisha Jumatatu. Kwa sehemu kubwa ya nchi, timu ikienda ugenini shabiki hubaki na redio au simu. Ukanda wa shaba wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wenye urefu wa kilomita zipatazo 300, ni miongoni mwa maeneo machache ambako mtu wa kipato cha chini anaweza kuifuata timu yake kwa basi na kulala nyumbani. Hali hiyo haikuja yenyewe. Ilijengwa na kampuni, misheni na reli, na kila mmoja alikuwa na sababu zake. Ndiyo maana anayetaka kuijua historia ya shabiki wa ugenini huku Katanga aanze na swali la mfukoni: nauli ilitoka wapi?

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka minne baadaye reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, na mwaka 1913 ikafika Kambove, jirani na Likasi. Wabelgiji waliupa mji wa Likasi jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa vigogo wa kampuni. Shituru ndipo palipojengwa viwanda vya kusafisha shaba kwa asidi na umeme, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 na ambayo bado inaitambulisha mitaa hiyo.

Wakati huohuo kampuni ilibadili namna ya kuwatunza watu wake. Badala ya kuleta vibarua wa miezi michache na kuwarudisha vijijini, iliamua kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto. Ikawapa nyumba, poso ya kila wiki, hospitali na shule. Mpira uliingia ndani ya hesabu hiyo. Machoni pa wakubwa, kijana anayecheza au kushangilia Jumapili alasiri ni kijana ambaye hanywi pombe, hagombani na hafanyi mikutano. Kwa hiyo viwanja vikatengwa, mipira ikatolewa, na timu zikaundwa kwa kufuata ramani ya kazi: kambi dhidi ya kambi, karakana dhidi ya karakana, mji dhidi ya mji. Reli iliyobeba mawe ya shaba ilikuwa tayari ipo kuwabeba na watu.

Misheni nayo ilikuwa na mpira wake. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto waliokuwa wakiendesha shule ya Saint-Boniface mjini Elisabethville walianzisha timu ya wanafunzi iliyoitwa Saint-Georges. Ilibadilika ikawa Saint-Paul, kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi, na hatimaye dunia ikaijua kama TP Mazembe. Mwaka huohuo ilizaliwa Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, iliyopewa jina la mtakatifu msimamizi wa mafundi wa chuma. Hadi leo mashabiki wa Lupopo huitwa Cheminots, yaani watu wa reli, na rangi zao ni buluu na njano. Mazembe wamebaki na nyeusi na nyeupe, na mamba kwenye nembo. Rangi hizo mbili zilisafiri na reli hadi Likasi na Kolwezi, na zimegawa familia ambazo hazijawahi kuishi Lubumbashi hata siku moja.

Lakini umati ukishakusanyika haumsikilizi tena aliyeuita. Hilo lilionekana Desemba 1941. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha mahitaji ya shaba, kazi ilikuwa imeongezwa, bei za vitu zilikuwa zimepanda na mishahara ilikuwa imebaki palepale. Wafanyakazi wa Shituru na Panda, huku Jadotville, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuweka zana chini, na risasi zilifyatuliwa hukohuko kabla mgomo haujashika moto Elisabethville. Tarehe 9 Desemba wagomaji wa Elisabethville walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira. Gavana Amour Maron alikuwa upande mmoja na wanajeshi wake. Upande wa pili alikuwapo Léonard Mpoyi, msemaji wa wafanyakazi. Wanajeshi walifyatua risasi. Mpoyi aliuawa pamoja na makumi ya wenzake, na idadi kamili inabishaniwa mpaka leo. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliuweka mgomo huo kwenye picha zake za historia ya nchi, nazo zikatundikwa sebuleni mwa watu waliokuwa wameusikia kwa wazazi.

Kampuni ilikuwa imetenga uwanja ili watu wasahau mishahara. Wao wakautumia kuidai. Kuanzia hapo kila mtawala wa Katanga amejua kwamba jukwaa la mpira ni mkutano ambao hauhitaji kibali, na amelitazama kwa jicho hilo.

Baada ya vita mpira ukaendelea kupanua barabara zake. Mwaka 1949 na 1950 vikosi vya wachezaji weusi wa Katanga na Johannesburg vilichuana. Kisha ukaja uhuru, vita vya Katanga kujitenga, na utawala wa Mobutu. Mwaka 1966 Englebert walimaliza msimu bila kufungwa, wakajiongezea jina la Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Mwaka 1967 na 1968 walitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Lile la 1967 lina kisa chake. Baada ya kutoka sare mara mbili na Asante Kotoko wa Ghana, 1-1 na 2-2, iliamuliwa ichezwe mechi ya tatu. Kotoko hawakutokea, na kombe likaenda Lubumbashi. Kwenye mashindano ya Afrika ya wakati ule, ugumu ulianzia kwenye safari kabla ya mpira wenyewe, na kama hata timu nzima iliweza kukosa kufika, shabiki angefika kwa njia gani?

Mji wa Jadotville ulirudishiwa jina la Likasi mwaka 1966. Mali za Union Minière zikataifishwa, na kampuni iliyozaliwa humo ikajulikana kama Gécamines. Ilirithi migodi na viwanda, ikarithi pia desturi ya kumtunza mfanyakazi kuanzia kuzaliwa mpaka kuzikwa. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mtoto aliyekulia Shituru miaka hiyo alisoma shule ya kampuni, alitibiwa hospitali ya kampuni, na mpira wake aliuchezea kwenye uwanja wa kampuni.

Halafu vyote vikaporomoka ndani ya miaka michache. Mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ulibomoka mwaka 1990, na uzalishaji ukaanguka mpaka chini ya tani 30,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katikati ya anguko hilo siasa ya Katanga ilipata wa kumlaumu. Kuanzia mwaka 1992, wakati Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hukohuko, watoto wa vibarua walioletwa na kampuni miaka ya nyuma. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi na kwenye shule, wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka Kasai ambako wengine hawakuwahi kukanyaga. Kwenye stesheni hiyohiyo, iliyowahi kuwapandisha treni watu waendao Lubumbashi, watu waliambiwa kwamba nyumbani kwao ni ugenini. Majukwaa ya Likasi yalipoteza sehemu ya wapigaji ngoma wake, na mitaa ya kambi ilipoteza majirani. Mwaka 2003 Gécamines ikawaaga kwa malipo wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Mlipaji wa zamani wa kila kitu, nauli ikiwemo, alikuwa ameondoka.

Aliyeshika nafasi yake alikuwa mtu mmoja. Moïse Katumbi, mfanyabiashara ambaye baadaye akawa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, alichukua uongozi wa Mazembe mwaka 1997. Alijenga uwanja mpya Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, na akaifanya safari ya ugenini kuwa sehemu ya nguvu ya klabu. Kundi la mashabiki wanaojiita Cent pour Cent, Asilimia Mia Moja, likajulikana Afrika nzima kwa fanfari, ngoma na miili iliyopakwa rangi nyeusi na nyeupe. Wao hawakuwa abiria wa basi la Likasi. Walipanda ndege, na iliyolipa ilikuwa klabu.

Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2009 na 2010, kisha wakaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Wakawafunga Internacional wa Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali. Golikipa Robert Kidiaba akashangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi kwenye nyasi, na watoto wa dunia nzima wakaiga. Fainali waliipoteza kwa Inter Milan, 3-0. Kilichofuata nyumbani kilikuwa cha aibu: mjini Lubumbashi vijana walishambulia maduka ya Wachina, wakidhani mwamuzi Yuichi Nishimura, ambaye ni Mjapani, alikuwa Mchina. Waliolipiwa ndege walikuwa wanacheza Abu Dhabi. Waliobaki bila nauli walitafuta mgeni wa karibu wa kumlipisha.

Ugenini wenyewe una hatari zake. Tarehe 11 Mei 2014 Mazembe walicheza na AS Vita kwenye uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, wakashinda 1-0. Vurugu zilizuka jukwaani, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na watu wapatao 15 wakafa katika mkanyagano wa kukimbilia milango. Gesi ikishasambaa haichagui rangi ya jezi, na milango iliyofungwa huua mwenyeji na mgeni bila kubagua.

Wasomaji wa Tanzania wanaijua Lubumbashi kwa njia nyingine. Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda Mazembe mwaka 2011, akaondoka akiwa bingwa wa Afrika wa 2015 na mchezaji bora wa mwaka huo kwa wanaocheza ndani ya bara. Simba walifungwa 4-1 huko Aprili 2019 baada ya sare tasa Dar es Salaam. Yanga walikwenda mwaka 2023 wakashinda 1-0. Njia ya ardhini, inayopita Tunduma, Zambia na Kasumbalesa, ndiyo hiyohiyo ya malori yanayoshusha shaba bandarini Dar es Salaam. Shabiki atakayeipita atakuta upande wa pili watu wanaomtukana na kumkaribisha kwa Kiswahili, jambo ambalo halitampata Cairo wala Tunis.

Likasi nayo ina timu yake. US Panda B52, wenye jina la mitaa ya Panda, wamewahi kucheza Linafoot, ligi kuu ya Kongo, pamoja na vigogo wa Lubumbashi, na uwanja wa mji uko Kikula. Hapo ndipo historia yote hii inapomrudia mkazi wa Shituru. Babu yake alipewa Mazembe au Lupopo na reli, baba yake akazirithi, na sasa timu ya mtaani kwake inaweza kukaribisha Mazembe na kukuta nusu ya jukwaa la nyumbani limevaa nyeusi na nyeupe. Mwenyeji anaweza kuwa mgeni kwenye uwanja wake bila kupanda basi lolote.

Katika miaka zaidi ya 80, anayelipa ndiye aliyeamua shabiki akae wapi na ashangilie nini. Kampuni ililipa ikataka utulivu. Rais wa klabu alilipa akapata jeshi la ngoma. Shabiki wa leo wa Likasi, mchuuzi, mchimbaji mdogo au mtoto wa mstaafu wa Gécamines, anatoa nauli mfukoni mwake, na hilo linampa haki ambayo waliomtangulia hawakuwa nayo. Anaweza kudai tiketi halali kwa bei iliyotangazwa, geti linalofunguka kwa nje, polisi wasiofyatua gesi ndani ya umati uliofungiwa, na basi la kurudi baada ya kipenga cha mwisho. Mashirikisho na klabu wamezoea kuongea na wafadhili. Itabidi wajifunze kuongea na huyu abiria wa kiti cha nyuma, kwa sababu uwanja wa ugenini sasa unajazwa kwa fedha zake.