Nani Mwenye Soko? Historia Fupi ya Huduma za Mji wa Khayega

Desturi ya taarifa ya kila mwaka ni kuweka hesabu za fedha, kazi zilizotimizwa, na majina ya wenzetu waliotutangulia mbele ya haki. Safari hii tumeona vema kuongeza kurasa chache za historia, kwa sababu lipo swali ambalo wanachama hawachoki kuliuliza kila tukutanapo. Mfanyabiashara wa Khayega hulipa ushuru wake sokoni. Basi ni nani hasa anayepaswa kumsafishia soko hilo, kumpatia maji safi, na kumtibia mtoto wake? Swali hili si la leo. Wazee wetu waliliuliza, na kila kizazi kilipewa jibu lake. Majibu hayo ndiyo twataka kuyapanga hapa, ili anayelipa ajue mlango wa kubisha.

Khayega ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega hupita katikati yake, na hapo ndipo huchepuka njia ya kwenda Shinyalu. Mji umo katika nchi ya Waisukha, na Waidakho ni majirani wa karibu kiasi kwamba sokoni si rahisi kumtenga huyu na yule. Wageni wengi hulijua jina la Khayega kwa sababu ya mapigano ya mafahali, nasi hatuoni aibu kwa sifa hiyo. Lakini mji hauishi kwa mafahali. Huishi kwa soko, na soko ndilo lililowaleta serikali na walipa kodi uso kwa uso.

Huduma za kwanza za namna mpya hazikuletwa na serikali. Zililetwa na misheni. Marafiki, yaani Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902, na mapadre wa Mill Hill wakafungua misheni ya Mukumu, mlangoni petu, mwaka 1906. Kutokana na Mukumu zilikuja shule, na baadaye Hospitali ya Mtakatifu Elizabeti. Serikali kwa upande wake ilihamisha makao ya wilaya kutoka Mumias hadi Kakamega mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu mwananchi wa huku aliijua zaidi kwa kodi kuliko kwa dawa.

Chini ya chifu palikuwa na wakuu wadogo walioitwa, kwa lugha ya utawala wa wilaya yetu, *mlango*. Na chini yao palikuwa na liguru wa kijiji. Neno *mlango* latupendeza, maana ndivyo ilivyokuwa kweli: mwenye shauri la mpaka, la ng'ombe, au la kodi, alianza kwa liguru, akapita kwa mlango, ndipo amfikie chifu. Cheo cha mlango kimekwisha zamani. Liguru yupo hata sasa, na mara nyingi ndiye ofisi ya kwanza ya mtu maskini.

Jibu la kwanza la swali letu lilikuja mwaka 1924, sheria iliporuhusu Mabaraza ya Wenyeji. Baraza la Kavirondo ya Kaskazini likaanza kazi mwaka uliofuata. Mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya mwenyewe, na wajumbe wengine waliteuliwa naye. Kwa hiyo asije mtu akadhani lilikuwa bunge la watu. Hata hivyo lilikuwa na jambo moja jipya. Lilikuwa na mfuko wake. Lilitoza ushuru wake, likapokea ada za masoko, na kutokana na fedha hizo likajenga zahanati, likaajiri dresa, likatengeneza barabara ndogo na madaraja, likasaidia shule. Mlipa ushuru aliweza kuinyoshea kidole zahanati na kusema, ile ni shilingi yangu.

Udhaifu wa Baraza ulidhihirika upesi. Sheria ya Amana ya Ardhi ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi haitatolewa kwa kazi nyingine bila Baraza kuulizwa, na bila wenyeji kupewa ardhi nyingine ya thamani sawa. Mwaka 1931 ikaonekana dhahabu Kakamega. Wazungu wakafika kwa mamia na kuchimba mashimo mashambani mwa watu. Mwezi wa Desemba 1932 sheria ile ikabadilishwa: si lazima tena Baraza liulizwe kwanza, wala si lazima ardhi ifidiwe kwa ardhi. Ahadi haikudumu hata miaka mitatu. Mgodi mkubwa wa Rosterman uliendelea hadi mwaka 1952 ukafungwa, dhahabu ikawa imekwenda zake. Twalitaja jambo hili kwa sababu lilionyesha tofauti kati ya chombo cha kutoa huduma na chombo chenye sauti. Baraza liliweza kumlipa dresa mshahara, lakini halikuweza kulinda shamba la mgonjwa wake.

Vyama vya ustawi vya Waafrika vya nchi hii vilikua katika miaka hiyohiyo, vikitetea mambo yayo hayo. Chama cha Walipa Kodi wa Kavirondo, ambacho Arkidikoni Owen wa kanisa la Anglikana alikipa umbo lake mwaka 1923, kilijulikana kwa kuhimiza usafi wa nyumba, vyoo, na kupanda miti, sambamba na malalamiko juu ya kodi. Wapo waliokicheka, wakisema ni chama cha kuua panya. Sisi hatuwaungi mkono hao. Choo na kodi ni shauri moja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalipanuka. Wilaya ikaitwa Nyanza ya Kaskazini mwaka 1948, na sheria ya mwaka 1950 ikayafanya mabaraza yale kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, yenye madaraka makubwa zaidi. Huu ndio wakati ambao wazee husimulia habari za Bwana Afya, aliyepita sokoni akikagua nyama na mashimo ya taka, na jinsi wachinjaji walivyomwona akiwa mbali. Uhuru ulipowadia mwaka 1963, Kakamega ikawa makao ya Mkoa wa Magharibi, na kazi ya Baraza la Wilaya ikaingia mikononi mwa Baraza la Kaunti lenye madiwani wa kuchaguliwa. Kwa miaka michache shule ya msingi, zahanati, barabara ndogo na soko vyote vilikuwa chini ya paa moja. Mwananchi alikuwa na diwani mmoja wa kumlaumu kwa yote.

Paa hilo liliezuliwa mwaka 1969. Sheria ya Kuhamisha Kazi za Serikali za Mitaa iliyaondolea mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya, na barabara, ikayakabidhi kwa wizara za Nairobi. Manispaa kubwa chache tu, kama vile Mombasa na Kisumu, ndizo zilizoachiwa. Kodi ya watu wazima, iliyokuwa tegemeo la mabaraza, nayo ilikwenda Nairobi. Sababu zilikuwapo: mabaraza mengi yalikuwa yameshindwa kulipa walimu, na hesabu zao hazikupendeza. Hata hivyo twaamini kwamba dawa ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Baraza la Kaunti lilibaki na nini? Lilibaki na soko, na ushuru wa mazao. Yaani lilinyang'anywa kazi ambazo watu waliziona kuwa faida, likaachiwa kazi ya kudai senti. Tangu hapo mtu wa soko alimjua karani wa ushuru, lakini hakujua tena kile alichokuwa akikilipia.

Kwa takribani miaka arobaini pengo hilo lilizibwa na watu wenyewe. Harambee ilijenga madarasa. Misheni iliendelea kutibu. Vikundi vya wanawake vilichangiana sufuria, mabati, na karo. Mtu akifiwa, majirani walileta kuni, unga na fedha kabla ya ofisi yoyote kupata habari; na ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ililia usiku kucha. Hizo nazo ni huduma za mji, ingawa hakuna wizara iliyozipangia bajeti. Serikali ilirudisha kiasi kidogo kwa sheria ya mwaka 1998, iliyoyapa mabaraza sehemu ya 5 kwa 100 ya kodi ya mapato, na mwaka 2003 ikaondoa karo katika shule za msingi za umma.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta mpango mwingine kabisa, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza ya zamani yakafutwa. Hapa ndipo wanachama wetu wengi hupotea njia, kwa hiyo na tueleze polepole. Serikali ya Kaunti ya Kakamega ndiyo yenye soko, leseni za biashara, uzoaji wa taka, maji, zahanati na hospitali za umma za kaunti, barabara za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Bwana Afya wa leo ni mtumishi wake. Serikali ya Taifa imebaki na polisi, shule za msingi na za sekondari, vitambulisho, na utawala wa chifu na naibu wake. Mtoto akizaliwa nyumbani, ni kwa naibu wa chifu ndiko habari zake hupelekwa ili aandikishwe. Na mtu akifia nyumbani, kibali cha kuzika hutoka huko huko. Mzee wa miaka 70 na zaidi anayetafuta fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, naye aanze hapo. Bima ya afya ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, na asiyejiandikisha upya huenda akalijua jambo hilo kitandani mwa hospitali.

Kaunti yetu ilipata sifa mapema kwa mpango wa kuwapa akina mama wajawazito maskini fedha kidogo kidogo, ili wahudhurie kliniki na kujifungulia hospitalini. Ulikuwa mpango mwema. Lakini maji na taka havina mama wa kupigwa picha, navyo husahaulika kwa urahisi.

Matokeo ya kusahau huko tuliyaona karibu mno. Mwezi wa Aprili 2023 Shule ya Wasichana ya Sacred Heart Mukumu ilifungwa baada ya ugonjwa kuzuka. Wanafunzi kadhaa na mwalimu mmoja walifariki, na Wizara ya Afya ikaeleza kwamba vipimo vilionyesha vijidudu vya E. coli na vya homa ya matumbo. Hatutaki kuongeza chumvi katika jeraha la wazazi, wala si kazi yetu kutoa hukumu. Twasema tu kwamba shule ni ya wizara ya Nairobi, ukaguzi wa maji na vyakula ni wa kaunti, na msingi wa shule ni wa misheni. Mzazi aliyetaka kuuliza maji yale yalipimwa lini alikuwa na milango mitatu mbele yake.

Khayega yenyewe haikuwa na baraza lake katika zama zote hizi. Daima imesemewa na Kakamega. Sheria ya Maeneo ya Miji ya mwaka 2011, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, yaruhusu mahali penye watu 2,000 kutambuliwa kuwa kituo cha soko, na penye watu 10,000 kuwa mji, nayo yawapa wakazi haki ya kukutana na kuwauliza wasimamizi habari za huduma. Ada za soko nazo hupangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo haipitishwi kihalali bila wananchi kusikilizwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya matumizi kabla ya tarehe 30 Aprili. Anayetaka choo cha soko kiandikwe humo afike mikutanoni kabla ya tarehe hizo, na risiti zake za ushuru mkononi.