Mpangaji: Abdulrahman Babu na Hesabu ya Nchi

Kiswahili kina neno moja kwa watu wawili wasiofanana. Mpangaji ni yule apangaye mambo ya nchi, na mpangaji ni yule akaaye katika nyumba ya mwenziwe kwa kodi. Katika Ipagala, kata mojawapo ya jiji la Dodoma, maana hizo mbili hukutana kila siku. Ni mtaa wa watu waliopanga vyumba, ndani ya mji uliozaliwa na mpango. Tarehe 1 Oktoba 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya serikali yatoke Dar es Salaam yaende Dodoma, na tangu hapo ardhi ya Wagogo, iliyozoea mtama, uwele na ng'ombe, ikaanza kusomwa katika ramani.

Siku ulipotolewa uamuzi huo, mtu aliyekuwa Waziri wa Uchumi na Mipango ya Maendeleo hadi mwaka uliotangulia alikuwa kizuizini. Jina lake ni Abdulrahman Mohamed Babu. Hakuwa mtu wa bara, wala Dodoma haikuwa kwao. Lakini mwenye kutaka kufahamu namna nchi hii ilivyopangwa, na bei iliyolipwa kwa kumnyamazisha aliyehoji mipango, hana budi kumsoma Babu.

Alizaliwa Unguja tarehe 22 Septemba 1924, katika visiwa ambavyo uchumi wake wote ulinukia karafuu. Ujanani alikuwa karani wa mizani katika Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu. Kazi ya mizani ina elimu yake. Karani huona gunia likiingia, huona bei ikitamkwa na mtu ambaye hakulima wala hakuchuma, kisha huona jahazi na meli zikiondoka na mali. Anayebaki ufukweni hubaki na fedha kidogo na haja nyingi, na karibu kila haja hiyo hununuliwa kutoka ng'ambo. Mwaka 1951 Babu alikwenda Uingereza kusoma. Huko alifanya kazi ya ukarani, akasoma siasa na falsafa, akasuhubiana na wapigania uhuru wa makoloni mbalimbali. Aliporejea mwaka 1957 alikuwa Mkaksi kamili, akawa Katibu Mkuu wa chama cha Hizbu.

Haikuwa ndoa ya kudumu. Hizbu kilikuwa na mabwana wa mashamba na kilikuwa na makuli, na Babu alikuwa upande wa makuli. Mwaka 1962 Waingereza walimfunga kwa kosa la uchochezi. Alipotoka aliukuta ufa kati yake na wenzake umekuwa mpana, na mwaka 1963 akajitoa, akaunda Chama cha Umma. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimfanya Waziri wa Mambo ya Nje wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Siku mia zimepita kidogo tu ukaja tena usiku mwingine wa historia: Muungano wa tarehe 26 Aprili, ambao ulifungwa yeye akiwa safarini nje ya nchi. Waziri wa Mambo ya Nje akarudi kukuta nchi yake imo ndani ya nchi nyingine, na yeye amepewa kiti Dar es Salaam.

Kiti hicho kilibadilika jina mara kadhaa katika miaka minane: mipango, biashara na ushirika, na mwisho uchumi na mipango ya maendeleo. Babu alikuwa miongoni mwa waliofungua mlango wa China. Mlango huo ulileta kiwanda cha nguo cha Urafiki mwaka 1968, na reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976 wakati yeye yuko gerezani. Kwa msomaji wa pwani, Urafiki ni mfano ulio karibu na mwili. Pamba iliyovunwa nchini ikasokotwa nchini, ikafumwa, ikatiwa rangi, ikawa kanga kiunoni. Kitu kilekile kikiuzwa ghafi hupita mikono ya watu wengine na kurudi kwa bei yao. Hiyo ndiyo hoja aliyoishikilia Babu maisha yake yote, kwamba uchumi wa kikoloni ulijengwa ili nchi izalishe isichokitumia na itumie isichokizalisha, na kwamba uhuru usiopindua mpangilio huo umebadilisha bendera tu.

Hapa ndipo uwanda wa kati unapoingia katika maisha yake. Mwaka 1971, Babu akiwa waziri mwenye dhamana ya mipango, serikali ilianza Operesheni Dodoma. Ukame ulikuwa umeitesa Ugogo, na rai ya wakubwa ilikuwa kwamba watu waliotawanyika na mifugo yao wakusanywe katika vijiji vya ujamaa, wapate maji, shule na zahanati kwa urahisi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Nia haikuwa mbaya. Lakini mfugaji wa nchi kame hutawanyika kwa sababu: mvua haianguki mahali pamoja, na malisho hayamngoji mtu. Kuwakusanya watu na ng'ombe wengi mahali pamoja ni kuichosha ardhi iliyokwisha kuchoka. Mzee wa Kigogo alilijua hilo bila kusoma uchumi. Ramani haikumuuliza. Miaka iliyofuata operesheni zilienea nchi nzima, na mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa kushurutishwa.

Babu aliondolewa katika baraza la mawaziri Februari 1972. Tarehe 7 Aprili mwaka huohuo Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa Unguja, na waliotuhumiwa walikuwa miongoni mwa watu wa iliyokuwa Umma. Babu alikamatwa bara pamoja na wenzake. Zanzibar ilimtaka. Nyerere hakumpeleka, wala hakumwachia. Kesi ya uhaini ilipoendeshwa Unguja, Babu alihukumiwa kifo bila yeye kuwapo mahakamani, naye alikana daima kuhusika na mauaji hayo. Bara hakushitakiwa kwa lolote. Alikaa gerezani hadi Aprili 1978, miaka sita, kwa amri ya karatasi.

Insafu inataka tuseme na upande wa pili. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa Tanganyika mwaka 1962. Miaka minane Babu alikaa katika baraza la serikali iliyoitumia sheria hiyo. Unguja nako, wenzake wa zamani wa Hizbu walikuwa magerezani tangu siku za mwanzo za Mapinduzi ambayo yeye alikuwa waziri wake. Nyumba aliyofungiwa ndani yake hakuijenga peke yake, lakini alikuwamo katika baraza la wenye nyumba. Wanaomsifu hupenda kuliruka hilo, na wanaomlaumu hupenda kukomea hapo.

Gerezani ndiko alikoandika kazi yake kubwa, iliyochapwa kwa Kiingereza mwaka 1981 ikiuliza kama Afrika inataka ujamaa wa Kiafrika au Afrika ya kijamaa. Swali halikuwa mchezo wa maneno. Babu alidai kwamba ujamaa unaohubiri kugawana bila kwanza kuongeza uzalishaji huishia kugawana umaskini, na kwamba kurudi katika undugu wa kale hakuwezi kumtoa mkulima katika jembe la mkono. Alitaka nguvu za nchi zielekezwe kwanza katika chakula cha watu wake, nguo zao na nyumba zao, na viwanda vya msingi vya kuzalishia hayo. Mtu anaweza kukataa dawa yake. Imani yake katika uwezo wa dola ilikuwa kubwa mno, na mashirika ya umma yaliyofilisika yamelijibu hilo. Hata hivyo maelezo yake ya ugonjwa hayajakanushwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Babu na mipango yake walihitaji daftari la mkaguzi, na serikali iliyomfunga ilikuwa na haja iyo hiyo. Vijiji vilipokuwa vikianzishwa kwa haraka, na makao makuu mapya yakichorwa katika uwanda usio na mto wa kudumu, watu waliojua hesabu na wenye ujasiri wa kuzisoma kwa sauti walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa nyuma ya komeo. Hakuna ajuaye kama angesikilizwa; ila asiyekuwapo hana hata nafasi ya kupuuzwa.

Baada ya kuachiwa alikwenda Marekani kufundisha, kisha akaweka makazi London, akawa mwandishi wa makala ambazo wasomi wa Afrika walizigombania. Alikuwa mpangaji kwa maana ya pili sasa, katika nchi za watu. Vyama vingi viliporejea, naye alirejea. Mwaka 1995 chama cha NCCR-Mageuzi kilimchagua awe mgombea mwenza wa Augustine Mrema, lakini jina lake halikufika katika karatasi ya kura. Tarehe 5 Agosti 1996 alifariki London. Maiti yake ilirudishwa Unguja ikazikwa. Kisiwa ambacho mahakama yake ilitaka kumuua kilimpokea kwa maziko ya mtoto wake.

Dodoma nayo ilichelewa. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017. Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo baada ya tamko la mwaka 2016, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, sambamba na njia ya reli ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914 ili kuteremsha mali pwani. Nyumba za Ipagala zinajengwa, na vyumba vinapangishwa kabla rangi haijakauka.

Swali la karani wa mizani linabaki palepale. Zabibu za Dodoma hukamuliwa na nani, na faida yake hulala wapi? Saruji, bati na nyaya zinazosimamisha mji huu ni kiasi gani kilichotengenezwa hapa, na ni kiasi gani kilichoteremshwa bandarini? Na atakayesimama kuuliza hayo, akiwa ndani ya serikali au nje yake, atajibiwa kwa hesabu au kwa komeo? Nchi imekwisha jifunza kuchora mipango. Ikijifunza na kumvumilia mwenye kuikagua, hapo Babu atakuwa amelipwa sehemu ya deni lake.