Nani kaitangazia kifo laptopu yangu?

Wiki iliyopita fundi mmoja wa Kariakoo alinitazama kwa huruma. Nilimpelekea laptopu yangu, Core 2 Duo inayotumia Linux, nikamwambia Blender mpya inagoma kufunguka na mimi nina ramani ya habari ya kuchora. "Kaka, hii imeshakufa. Tafuta nyingine."

Nikapanda daladala nikiwa nimeipakata kama mgonjwa. Imekufaje wakati inawaka, inaandika na inacheza muziki?

Ndugu msomaji, turudi mwaka 1992. Kampuni ya Marekani iitwayo Silicon Graphics ilitoa OpenGL, yaani maagizo ambayo programu huyatumia kuiambia kompyuta ichore vitu vya pande tatu. Mashine za kampuni hiyo zilikuwa za maabara na studio za filamu. Mlalahoi na kompyuta yake ya mezani hakuwemo kwenye hesabu.

Agosti 1993 Brian Paul, mtaalamu wa programu aliyekuwa Wisconsin, akaanza kuandika kwa muda wake wa ziada programu inayoelewa maagizo yaleyale. Akaomba ruhusa kwa wenye mali, wakakubali. Februari 1995 akaimwaga kwenye intaneti bure, kwa jina la Mesa. Haikuhitaji kadi ya picha hata kidogo: prosesa yenyewe ilipiga hesabu ya kila nukta kwenye skrini. Ilikuwa inajikokota, lakini picha ilitoka! Kwangu mimi huo ndio moyo wa historia hii. Baadaye, kadi za Voodoo za 3dfx zilipoingia sokoni, David Bucciarelli akaiunganisha Mesa nazo, na kompyuta za Linux zikaanza kuchezea magemu mazito.

Wenye kadi hawakuwa wakarimu wote. Nvidia waliitolea Linux draiva, ila ndani yake hukuruhusiwa kuchungulia. Mtakumbuka Linus Torvalds alivyowaonyesha kidole cha kati mbele ya kamera, Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, mwaka 2012. (Mama yangu angemzaba kibao.) Ubaya wa draiva iliyofungwa ni huu: siku mwenyewe akichoka na kadi yako, hakuna jirani wa kukushika mkono.

Sasa turudi kwa Blender. Mwaka 2002 kampuni iliyoimiliki ilipofungwa, Ton Roosendaal na wapenzi wa programu hiyo walichangishana yuro 100,000 kwa wiki 7 tu, wakainunua na kuifanya programu huria. Mchango wa harusi hapa kwetu huchukua muda mrefu kuliko huo! Lakini Julai 2019 likaja toleo la 2.80, likadai OpenGL 3.3. Chipu ya Intel iliyomo kwenye laptopu yangu, GMA 4500, inaishia 2.1. Basi, hicho ndicho kifo alichokiona fundi. Mashine haikuharibika popote. Sharti la kuingia ndilo lilipanda.

Nikajaribu njia ya Brian Paul. Ndani ya Mesa ya leo kuna llvmpipe, inayoirudishia prosesa kazi ya kuchora, nayo inafika hadi OpenGL 4.5. Nikaandika LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 kabla ya jina la programu, nikabonyeza. Ikafunguka! Nilifurahi kwa dakika mbili hivi. Ukizungusha mchemraba mmoja unaweza kwenda kununua maandazi ukarudi ukaukuta bado unazunguka, na feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikarudi toleo la 2.79, linaloridhika na 2.1, na ramani yangu ikaenda vizuri.

Kilichonigusa zaidi nilikikuta baadaye. Mwaka 2022 Mesa yenyewe ilitupa nje draiva zake za kizamani, pamoja na ile ya i965 iliyokuwa ikihudumia chipu kama yangu. Wenye Radeon 8500 ya mwaka 2001 waliachiwa tawi la pembeni liitwalo Amber. Lakini kwa sisi wa Intel, Dave Airlie na wenzake walikuwa wameshaandika draiva mpya, crocus, iliyoingia Mesa mwaka 2021. Fikiria mtu kukaa chini kuandika draiva mpya ya chipu ya mwaka 2008, ambayo hakuna duka linaloiuza.

Jumamosi napita tena kwa yule fundi. Nataka RAM ya DDR2, giga 2.