Kona Tupu ya Shamba la Shosho

Mwezi wa tatu, kabla mvua haijashika, nilichora shamba. Nilitumia upande wa nyuma wa karatasi ya mtihani ambao sikuwahi kuufanya, maana niliacha chuo mwaka wa tatu, ada ilipokuwa kubwa kuliko hamu yangu ya kuitafuta. Nilikuwa nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili. Sasa naandika vijisehemu vya kulipwa kwa M-Pesa, na siku ambazo hakuna anayelipa, nasaidia kwa shosho.

Ploti ya shosho iko Gatuanyaga. Unatoka Thika mjini, unafuata barabara ya Garissa, unapita Makongeni na Landless, halafu unafika mahali kijani cha Kiambu kinapoanza kuchoka na mlima wa Kilimambogo unakukodolea macho. Mvua ya huku ni ya kubembeleza. Kwa hivyo mpango wangu ulikuwa mdogo: terere, managu, sukuma, dania, vitunguu, kunde za kufunika udongo. Mbolea ya dukani hakuna. Samadi ya mbuzi wa jirani, majivu ya jikoni, maji ya mvua kwenye tangi. Na kona moja, kule karibu na ua wa kayaba, niliiacha tupu. Sikuandika jina.

Marafiki zangu wa Makongeni walipoiona ile karatasi walicheka. "Hapo ni pa shada, si ndio?" Sikukubali wala sikukataa. Kusema ukweli nilikuwa nimeshaiwaza: mimea miwili mitatu ya kwangu mwenyewe, nisinunue kwa mtu nisiyejua ameinyunyizia nini, nisiuze, nisimsumbue mtu. Ni mboga tu kati ya mboga, nilijiambia.

Shosho aliitazama karatasi ile usiku, chini ya taa ya sola. Mimi nimepewa jina la mumewe, kwa hivyo huniita mzee wangu hata akinigombeza. "Mzee wangu," akasema, "hapa utapanda nini?" Nikasema bado nafikiria. Akakunja karatasi akanirudishia. "Fikiria na jina lililo kwa title deed."

Ilinibidi nikumbuke anko. Mwaka 1996, kabla sijazaliwa, anko wangu alikamatwa kwa sababu ya mimea minne katikati ya mahindi yaya haya. Shosho aliuza ng'ombe akatafuta wakili, na anko akala miaka mitatu ndani. Jambo ambalo nyumbani halisimuliwi sana ni kwamba shosho mwenyewe aliandikisha maelezo siku mbili mfululizo, akiulizwa kama alijua. Nilipokuwa mdogo nilidhani walikuwa wakimwonea tu. Juzi nikasoma sheria yenyewe, ile ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1994, kifungu cha 6. Inamgusa anayelima, na inamgusa pia mwenye shamba au mkaaji anayeruhusu ardhi itumike. Faini ni shilingi 250,000 au mara tatu ya bei ya mimea, ipi iliyo kubwa, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Haisemi chochote kuhusu mimea minne na mimea elfu nne. Mwaka 2022 Bunge liliirekebisha sheria hiyo, na mtu anayekutwa na kiasi cha kuvuta mwenyewe akapunguziwa adhabu. Kifungu cha shamba kinamsubiri mkulima palepale.

Basi nikafanya kile ambacho mtu aliyeacha kozi ya Historia hufanya akikwama. Nilirudi nyuma.

Neno lenyewe lilikuja kwa jahazi. Bhanga ni Kisanskriti, bhang ni Kihindi, na sisi tukaongeza irabu mwishoni kama kawaida yetu. Wareno waliandika bangue. Padri João dos Santos, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1609, aliutaja mmea huo kusini-mashariki mwa Afrika. Washona wanaita mbanje. Ukifuata majina haya kwenye ramani unaona biashara ya Bahari ya Hindi ikitembea kwa miguu kuingia bara. Ethiopia, karibu na Ziwa Tana, waakiolojia walichimbua vichwa vya kiko vyenye mabaki ya bhangi, vilivyokadiriwa kuwa vya karne ya 14. Yaani kabla meli ya Vasco da Gama haijatia nanga Malindi, kulikuwa na mtu Afrika Mashariki ameshavuta, amekohoa.

Lakini kilichonikamata ni Richard Burton. Mzungu huyu alitoka pwani mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika, na kitabu chake kilichotoka 1860 kimejaa dharau kwa karibu kila mtu aliyekutana naye. Hata hivyo aliandika alichokiona, na alichokiona ni bhangi imepandwa mbele ya milango ya nyumba za watu. Nilisoma hapo mara tatu. Hakukuta mashamba makubwa wala magenge. Alikuta mmea wa mlangoni, kama sisi tunavyopanda mchaichai au rosemari. Bustani niliyoichora kama jambo la kijana mjanja wa Thika, mwanamke fulani wa Unyamwezi angeicheka kwa uchovu: kumbe hilo nalo ni la kuchorea karatasi?

Na kulikuwa na watu waliolichukulia kwa uzito kuliko huyo. Huko Kasai, Kongo, mwishoni mwa karne ya 19, chifu Kalamba Mukenge na wafuasi wake waliufanya mmea huo kiini cha dini na siasa yao, wakajiita wana wa bhangi, wakaweka silaha kando. Mkosaji alihukumiwa kuvuta hadi azidiwe. Siwapambi, utawala ni utawala, na huyo chifu alikuwa na maslahi yake. Nawataja kwa sababu tumezoea kusikia kwamba mmea huu haukuwahi kuwa na adabu yake Afrika, kana kwamba kabla ya polisi kulikuwa na fujo tu.

Sasa, sheria. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeshauliza swali hili kwa utaratibu. Mwaka 1893 iliunda tume India, ikahoji zaidi ya mashahidi 1,000, ikaandika mabuku na mabuku, na mwaka 1894 ikahitimisha kwamba matumizi ya kiasi kwa ujumla hayana madhara makubwa na kwamba kupiga marufuku hakufai. Ripoti ikawekwa kabatini. Miaka 20 baadaye, ufalme uleule, ukitawala mahali palipoitwa Himaya ya Afrika Mashariki, ukaiweka bhangi kapu moja na afyuni kwa sheria ya 1914. Sijakuta tume yoyote iliyotumwa kumuuliza bibi wa Gatuanyaga.

Mwaka huo wa 1914 unanisumbua kwa sababu ya kahawa. Thika ya wakati ule iliitwa Chania Bridge. Wazazi wa Elspeth Huxley walikuwa wamefika tu, 1912, kupanda kahawa, na binti yao baadaye akaandika kitabu, The Flame Trees of Thika, ambacho watalii bado wanakitaja wakipiga picha pale Blue Posts. Kwa hivyo wakati mmea mmoja unafukuzwa mlangoni, mwingine uliotoka nje unakaribishwa kwa mamia ya ekari. Na mtu mweusi hakuruhusiwa kuupanda huo nao. Kahawa ilihitaji leseni, na Mwafrika hakuwa anaipata. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kitaalamu: eti angeeneza magonjwa ya mimea, angeharibu ubora, wezi wangepata mahali pa kuficha kahawa ya settler. Ile isiyosemwa kwa sauti ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hatachuma ya mwingine kwa mshahara wa kijungujiko. Majaribio ya kuwaruhusu wachache yalianza miaka ya 1930 huko Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba ya Thika na Kiambu. Huku kwetu, mlango ulifunguliwa hasa miaka ya 1950, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukaja wakati watu walikuwa wamezungushiwa waya vijijini kwa ajili ya Mau Mau.

Shosho anayajua haya bila kitabu. Baba yake alikuwa kibarua wa kahawa, na siku moja alirudi nyumbani na miche miwili mfukoni. Akaificha nyuma ya migomba. Karani wa shamba alipopata habari, miche iling'olewa na mzee akafutwa kazi. Shosho alikuwa msichana mdogo. Anachokumbuka ni mashimo mawili, na mama yake akiyajaza kwa mguu.

"Ilikuwa kahawa tu," nikamwambia.

"Na wewe yako ni majani tu," akajibu.

Halafu kuna kituko kingine. Uhuru ukaja, kahawa ikawa yetu, na sheria ikageuka ikatazama upande wa pili: mkulima akakatazwa kuing'oa bila kibali, hata miaka ambayo malipo yalikuwa hayanunui sukari. Wazee wa Kiambu waliopanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari ya kahawa walikuwa wakivunja sheria kwa kutaka kula. Kwa hivyo ndani ya maisha ya mtu mmoja, mmea uleule ulikuwa hatia kuupanda, kisha hatia kuutoa. Nikisikia mtu akisema sheria ya mimea inafuata sayansi, nataka kumpeleka kwa shosho akunywe chai.

Bhangi nayo ilifuata njia ya dunia. Mwaka 1923 Afrika Kusini iliiomba Jumuiya ya Mataifa iichukulie kama dawa hatari, Misri ikalisukuma jambo hilo Geneva, na mkataba wa 1925 ukaanza kudhibiti biashara yake kati ya nchi. Kenya huru ilirithi sheria za mkoloni kama ilivyorithi ofisi zake, na ikaziongezea meno. Mimea ikakimbia milango ya watu ikaingia misituni. Mwaka 1999, uchunguzi wa Mlima Kenya kutoka angani ulikuta mashamba ya bhangi ndani ya msitu wenyewe, miti ya asili ikiwa imefyekwa kuyapisha. Hili linanikera kuliko moshi wote wa Makongeni. Mmea wa mlangoni haukati msitu.

Majaribio ya kuirudisha nyumbani yamekuwapo. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitangaza mwaka 2018 kwamba angepeleka mswada; alifariki Julai 2019, na mswada ukalala naye. Mwaka 2021 Warastafari walifika Mahakama Kuu ya Nairobi wakiomba ruhusa ya kuitumia katika ibada na faragha ya nyumba zao. Wajackoyah aliigeuza kuwa wimbo wa kampeni mwaka 2022, tukacheka sana, tukampa kura 61,969. Nilikuwa nimejiandikisha kupiga kura na sikumpigia. Alikuwa akiuza bhangi ya kulipa madeni ya taifa, ekari kwa ekari, na mimi nilishaona filamu hiyo ikichezwa kwa kahawa.

Afrika Kusini, ileile ya 1923, ndiyo iliyonishangaza. Septemba 2018 Mahakama yake ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima anaweza kulima na kuvuta yake mahali pa faragha, na mwaka 2024 Rais Ramaphosa akatia saini sheria ya kulithibitisha hilo. Hoja kuu ilikuwa faragha. Majaji hawakusema bhangi ni nzuri. Walisema kuna mlango, na nyuma ya mlango huo dola ilihitaji sababu ya maana zaidi ili iingie. Sisi pia tuna haki ya faragha kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 31. Mlango wa shosho ni wa mabati, lakini ni mlango.

Jumapili anko alikuja. Ana miaka zaidi ya 50 sasa, ni fundi wa mawe huku kwenye machimbo, na ni mzee wa kanisa. Nilimwonyesha karatasi, nikidhani labda yeye atanielewa. Aliifuata mistari kwa kidole: terere, managu, sukuma. Alipofika kwenye kona, kidole kikasimama.

"Yangu ilikuwa hapa hapa," akasema. "Kuna kivuli cha kayaba, kutoka barabarani hakuonekani." Akanyamaza kidogo. "Unajua waliniuliza nini wa kwanza? Hawakuuliza nauzia nani. Waliuliza shamba ni la nani."

Shosho alikuwa anamenya viazi mlangoni, hakuinua kichwa. Mimi sijabadilisha mawazo kuhusu sheria hiyo; naiona ni mbaya na asili yake ni mbaya. Lakini jina lililo kwenye title deed si langu, na ng'ombe wa pili hayupo.

"Maji ya kuoshea vyombo yanatiririka hadi kwa hiyo kona," shosho akasema. "Weka nduma, mzee wangu. Nduma inataka maji."

Nikachukua kalamu nikaandika: nduma. Anko akaomba chai.